Istilahi na Ukweli katika Lugha ya Vipodozi: Mfano wa Kanosini na Uzee wa Ngozi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuieleza dhana moja ya kisayansi iliyoingia katika biashara ya vipodozi, yaani kunata kwa sukari kwenye protini za ngozi, pamoja na viambato vinavyosemekana kuikinga ngozi dhidi ya hali hiyo. Kiambato kilichoteuliwa kuwa mfano ni kanosini. Makala yanaanza kwa kueleza mchakato wenyewe, kisha yanapima istilahi tatu zinazoweza kuubeba, yanatathmini ushahidi uliopo kuhusu kanosini, na hatimaye yanachanganua sentensi mbili za tangazo ili kuonyesha mahali ambapo ukweli hupotea katika tafsiri. Hoja kuu ni kwamba katika matini ya kipodozi, mzigo wa ukweli hubebwa na kitenzi na mnyambuliko wake kuliko jina la kiambato. Anayetafsiri jina vizuri na kukikosea kitenzi huwa amempotosha msomaji.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba mtu aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Msemo huu unauhesabu umri kwa chumvi. Elimu ya kemia ya mwili, kwa upande wake, imeonyesha kwamba sehemu fulani ya uzee wa ngozi inaweza kuhesabiwa kwa sukari. Glukosi inayozunguka katika damu ya kila binadamu, awe mgonjwa au mzima, hunata polepole kwenye protini za mwili na kuzibadilisha. Mabadiliko hayo hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, na ngozi ni mojawapo ya mahali yanapodhihirika.

Wenye viwanda vya vipodozi waliitambua fursa hii mapema. Krimu na losheni kadhaa zinazouzwa duniani huandikwa kwamba zina kiambato kinachopambana na hali hiyo. Bidhaa za aina hii huuzwa pia nchini Kenya, na maelezo yake mara nyingi huwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Muuzaji anapoulizwa krimu inafanya nini, hulazimika kujibu kwa Kiswahili. Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka: atasema nini?

Swali hili si la mapambo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Ibara ya 7 nayo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, kazi ya mwanaistilahi na ya mfasiri inaonekana kuwa sehemu ya kumlinda mwananchi.

2.0 Jinsi sukari inavyoizeesha ngozi

Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza mwaka wa 1912 jinsi sukari na asidi amino zinavyoungana zinapopashwa moto na kutoa rangi ya hudhurungi. Kila jikoni ni maabara ya jambo hili. Ganda la mkate, rangi ya maandazi yaliyoiva na harufu ya nyama ya kuchoma hutokana kwa kiasi kikubwa na muungano huo. Ieleweke kwamba hili ni tofauti na sukari inayoungua peke yake katika sufuria, kwa kuwa hapo hakuna protini inayohusika. Mwalimu anayetaka mfano sahihi na atumie andazi, asitumie sukari iliyoungua.

Mwilini hakuna moto wa jiko, lakini upo muda. Katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, muungano uleule hutokea kwa mwendo wa kobe. Kwanza, molekuli ya sukari hunata kwenye protini kwa kifungo kinachoweza kuachana. Pili, kifungo hicho hujipanga upya na kuwa imara zaidi. Tatu, baada ya miezi au miaka, huzaliwa misombo mipya ambayo haiwezi kurejea ilivyokuwa. Misombo hii itaitwa hapa mazao ya mwisho ya usukarikaji, istilahi itakayotetewa katika sehemu ya 3.0. Baadhi yake, kama vile glukosepani, hujenga madaraja baina ya uzi mmoja wa protini na mwingine.

Protini inayoathirika zaidi katika ngozi ni kolajeni, ambayo ni takriban robo tatu ya uzito wa ngozi iliyokaushwa. Sababu ya kuathirika kwake ni umri wake mrefu. Utafiti wa Nicole Verzijl na wenzake nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka wa 2000, ulikadiria kwamba nusu ya kolajeni ya ngozi huchukua takriban miaka 15 kubadilishwa na mpya. Katika gegedu, muda huo ulikadiriwa kuwa miaka 117. Hemoglobini, kinyume chake, hukaa katika seli nyekundu ya damu kwa siku zipatazo 120 tu. Kwa hiyo sukari iliyonata kwenye hemoglobini humwonyesha daktari hali ya damu katika miezi miwili au mitatu iliyopita, na hiki ndicho kipimo kijulikanacho kliniki kwa herufi HbA1c. Sukari iliyonata kwenye kolajeni huweka kumbukumbu ya miaka mingi zaidi.

Kolajeni iliyofungwa kwa madaraja hukakamaa, na ngozi hupoteza unyumbufu wake. Mazao hayo yana rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi, nayo huchangia kufifia kwa nuru ya ngozi. Mtu mwenye kisukari huyakusanya kwa kasi zaidi kwa sababu kiwango cha sukari katika damu yake huwa juu. Moshi wa sigara pia huyaongeza. Hata hivyo, ni muhimu kutaja kwamba sukari si chanzo cha pekee wala kikuu cha makunyanzi. Miale ya urujuanimno ya jua ndiyo inayoongoza miongoni mwa visababishi vya nje. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi inayoikinga kwa kiasi fulani, na kwa kawaida makunyanzi huichelewa, ilhali madoa na mabadiliko ya rangi huisumbua zaidi. Matangazo yaliyobuniwa kwa ajili ya wateja wa nchi za baridi husahau jambo hili.

3.0 Kutafuta istilahi

Mwanaistilahi anayekabiliwa na dhana hii ana njia tatu zilizo wazi: kutohoa, kunyambua, au kutumia usemi wa kawaida. Kila njia itapimwa kwa baadhi ya vigezo ambavyo wanafunzi wa isimu wanavifahamu kupitia kielezo cha PEGITOSCA cha Kiingi, hasa usahihi, iktisadi, uzalishi, ukimataifa na uangavu.

3.1 Glaikesheni

Njia ya utohozi inatoa neno glaikesheni. Neno hili lina ukimataifa, kwa kuwa mwanafunzi atakayesoma vitabu vya kigeni atalitambua papo hapo. Lina iktisadi pia, maana ni neno moja. Lakini halina uangavu hata chembe. Msikilizaji asiyejua Kiingereza haoni sukari wala protini ndani yake. Fauka ya hayo, uzalishi wake ni hafifu. Ni vigumu kupata kitenzi kutokana nalo bila kusema "kufanyiwa glaikesheni", usemi unaodokeza kwamba kuna mtendaji aliyekusudia kutenda.

3.2 Usukarikaji

Kiswahili kina mazoea ya kuunda vitenzi kutokana na nomino na vivumishi vyenye asili ya Kiarabu. Kutokana na taifa tumepata taifisha. Kutokana na imara tumepata imarisha na imarika. Kwa mpangilio huohuo, sukari inaweza kuzaa sukarisha na sukarika, na kutokana na vitenzi hivyo zikapatikana nomino usukarishaji na usukarikaji.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha nguvu ambayo wengi hawaitarajii. Mwilini kuna namna mbili za sukari kuungana na protini. Namna ya kwanza huendeshwa na vimeng'enya: seli huipachika sukari mahali maalumu, kwa kusudi maalumu, na protini haiwezi kufanya kazi yake ipasavyo bila sukari hiyo. Namna ya pili haina kimeng'enya wala kusudi. Sukari hunata popote inapopata nafasi, nayo hudhuru. Lugha ya sayansi ya Kiingereza iliyachanganya mambo haya kwa muda mrefu. Kile kipimo cha HbA1c kiliitwa kwa miaka mingi kwa jina la mchakato wa kwanza, ilhali kinapima matokeo ya mchakato wa pili, na ilibidi jina lirekebishwe baadaye.

Mwanafunzi wa Kiswahili asingehitaji marekebisho hayo, kwa sababu sarufi yake inayo tayari. Kauli ya kutendesha humhitaji mtendaji, na kauli ya kutendeka humficha au humkana. Protini inayopachikwa sukari na kimeng'enya imesukarishwa. Protini iliyonatwa na sukari yenyewe kwa yenyewe imesukarika. Herufi chache za mnyambuliko zinabeba tofauti ambayo wanakemia waliitafutia maneno mawili tofauti.

Istilahi hii haikosi dosari. Kilichoimarika kimekuwa imara, kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba protini iliyosukarika imekuwa sukari, jambo ambalo si kweli. Tena, sauti yake inakaribiana na ya neno kisukari. Dosari ya kwanza inaweza kuondolewa kwa fasili fupi mahali istilahi inapotumika mara ya kwanza. Ya pili ina hatari kubwa zaidi, na itarejelewa katika sehemu ya 5.3.

3.3 Kushika sukari

Njia ya tatu ni ya usemi wa kawaida. Mswahili anapoona chuma kilichoachwa nje kwa muda mrefu, husema kimeshika kutu. Kitenzi shika hapa hakina maana ya mkono. Kinaeleza hali inayokiingia kitu polepole, bila ya kitu hicho kutaka, hadi kikaharibika. Maana hii ndiyo inayohitajika. Kolajeni hushika sukari kama chuma kinavyoshika kutu. Usemi huu unaeleweka bila fasili, nao unaweza kutumiwa na mhudumu wa afya, muuzaji wa duka na bibi kizee kwa usawa.

Kutokana na mjadala huu, makala haya yanapendekeza mgawanyo wa kazi. Usukarikaji itumike darasani na katika maandishi ya kitaaluma, kwa sababu ya usahihi na uzalishi wake. Kushika sukari itumike katika maelezo ya umma. Glaikesheni ibaki kuwa daraja la kumwelekeza msomaji kwenye vitabu vya kigeni.

4.0 Kanosini na ushahidi wake

Kanosini ni msombo mdogo unaoundwa na asidi amino mbili, mojawapo ikiwa histidini. Wanakemia Gulewitsch na Amiradžibi waliutenga kutoka kwenye dondoo la nyama mwaka wa 1900, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nyama. Hupatikana katika misuli ya wanyama, akiwemo binadamu, na haumo katika mimea.

Mnamo 1995 Alan Hipkiss na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kanosini yenyewe hunatwa na sukari kwa urahisi. Walitoa wazo kwamba inaweza kuwa kafara: sukari ikinata kwenye kanosini, protini iliyo jirani huokoka. Katika chupa za maabara wazo hili lina mashiko. Inafaa kutajwa pia kwamba kichwa cha makala yao bado kilitumia lile jina la zamani la mchakato wa vimeng'enya, kikaongezewa maneno ya kukanusha kimeng'enya. Huo ni ushahidi mwingine wa kero iliyoelezwa katika sehemu ya 3.2.

Kutoka kwenye chupa hadi kwenye uso wa mtu kuna safari ndefu. Kolajeni iko katika tabaka la ndani la ngozi, na juu yake kuna tabaka lililojaa mafuta ambalo kazi yake ni kuzuia vitu visipenye. Molekuli ya kanosini ni ndogo, lakini hupenda maji, na vitu vya namna hiyo hupenya mafuta kwa shida. Zaidi ya hayo, damu ya binadamu ina kimeng'enya kinachoivunja kanosini. Kwa hiyo kuwepo kwa kanosini katika kopo la krimu hakuthibitishi kuwepo kwake karibu na kolajeni, sembuse kufanya kazi huko.

Kuna tofauti nyingine ambayo mwandishi wa matangazo huipuuza. Kuizuia sukari isinate ni jambo moja, na kuyavunja madaraja yaliyokwisha kujengwa ni jambo jingine kabisa. Dawa zilizojaribiwa kwa malengo haya mawili hazikufika mbali. Aminoguanidini iliwatia watafiti matumaini mwaka wa 1986 ilipozuia madaraja katika mishipa ya panya wenye kisukari, lakini haikupata kuidhinishwa kuwa dawa ya binadamu kwa kazi hiyo. Alagebriumu, iliyotarajiwa kuyavunja madaraja, ilisitishiwa majaribio na kampuni yake mwaka wa 2009. Methali husema maji yakimwagika hayazoleki. Kauli ileile ya kutendeka inaueleza ukweli wa kemia: kolajeni iliyofungwa haifunguliki kwa krimu.

Yapo, hata hivyo, mambo yaliyothibitika zaidi. Katika utafiti uliofanywa Nambour, Australia, na kuchapishwa mwaka wa 2013, watu wazima 903 wenye umri wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka kinga ya jua kila siku walionyesha uzee wa ngozi uliopungua kwa asilimia 24 wakilinganishwa na wale waliopaka kwa hiari yao. Ni kweli kwamba utafiti huo ulihusu nchi yenye jua kali na watu ambao wengi wao wana ngozi nyeupe. Hata hivyo, ni ushahidi kutoka kwa watu halisi, haukutoka kwenye chupa. Kinga ya jua, kuacha sigara na, kwa mwenye kisukari, kudhibiti kiwango cha sukari kwa ushauri wa daktari, ni mambo yenye msingi imara kuliko madai ya krimu ya kanosini.

5.0 Lugha ya lebo

5.1 Sentensi mbili

Tuchukue mfano wa sentensi mbili zilizobuniwa kwa ajili ya uchanganuzi huu. Ya kwanza ni ya mtu anayejihadhari:

(a) Krimu hii yenye kanosini husaidia kupunguza mwonekano wa makunyanzi yanayohusishwa na usukarikaji.

Ya pili ni ya mtu anayetafsiri harakaharaka, pengine akitaka sentensi iwe nyepesi masikioni:

(b) Krimu hii ya kanosini huondoa makunyanzi yanayosababishwa na sukari.

Sentensi (b) ni fupi na inavutia. Mhariri wa kawaida angeisifu. Lakini yametokea mabadiliko sita, na kila badiliko limeongeza dai. Kwanza, "yenye" imekuwa "ya", na kwa hivyo kiambato kimoja miongoni mwa vingi kimefanywa kuwa krimu nzima. Pili, "husaidia" imetoweka, na pamoja nayo kukiri kwamba krimu haifanyi kazi peke yake. Tatu, kupunguza kumekuwa kuondoa. Nne, neno "mwonekano" limeachwa. Neno hili hudharauliwa kuwa la ziada, ilhali ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa krimu yoyote inayoinywesha ngozi maji inaweza kuyafanya makunyanzi yasionekane sana kwa saa kadhaa bila kuigusa kolajeni. Tano, uhusiano umekuwa usababisho. Sita, usukarikaji umekuwa sukari.

Kiambishi hu- nacho kinastahili kuangaliwa. Hu- ya mazoea hueleza jambo linalotendeka kila mara, kwa kila mtu. Katika sentensi (a), hu- imekaa kwenye kitenzi cha tahadhari, yaani kusaidia, na makali yake yamepunguzwa. Katika sentensi (b), hu- imekaa kwenye kitenzi cha tendo kamili, na ahadi imekuwa ya jumla, sawa na kusema jua huchomoza mashariki. Mwandishi mwaminifu angetumia "inaweza" mahali ambapo ushahidi haujatimia.

Uzito wa kitenzi haujulikani kwa wanaisimu pekee. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1938 kuhusu chakula, dawa na vipodozi hutofautisha dawa na kipodozi kwa kuangalia kusudi linalotajwa. Bidhaa inayodaiwa kupamba ni kipodozi. Bidhaa inayodaiwa kubadilisha muundo au utendaji wa mwili ni dawa, na lazima ithibitishwe hivyo. Mnamo Septemba 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo iliiandikia kampuni ya Lancôme barua ya onyo kuhusu madai ya krimu zake kadhaa za uzee wa ngozi. Yaliyoshutumiwa yalikuwa maneno, na si yaliyomo kwenye chupa. Nayo Jumuiya ya Ulaya, kupitia kanuni yake nambari 655 ya mwaka wa 2013, iliweka vigezo vya pamoja vya madai ya vipodozi, vikiwemo ukweli, ushahidi na uaminifu.

5.2 Neno dawa

Tofauti hiyo ya kisheria hukutana na ugumu katika Kiswahili. Neno dawa lina upana mkubwa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya nywele, na hakuna anayedhani kwamba kiatu kinaugua. Muuzaji anaposema "dawa ya makunyanzi", huenda anatumia neno kwa upana huohuo, bila nia mbaya. Mnunuzi naye anaweza kulisikia kwa maana finyu ya kitu kinachotibu. Lugha haikukosea, ila muktadha umekosa kuamua maana. Katika maandishi ya bidhaa hizi inafaa neno kipodozi litumike daima, na neno dawa liachiwe kile kilichoidhinishwa kutibu.

5.3 Neno sukari

Hatari kubwa kuliko zote imo katika badiliko la sita. Katika mazungumzo ya kila siku, sukari ni jina la ugonjwa. Mtu husema "mama ana sukari", na kila msikilizaji anaelewa kwamba mama ana kisukari. Krimu ikitangazwa kwamba "hupambana na sukari mwilini", mama huyo anaweza kuamini kwamba amepata kitu kinachotibu maradhi yake. Sayansi yenyewe inamvuta aamini hivyo, kwa kuwa atakuwa amesikia kliniki kwamba sukari huharibu mishipa, macho na figo, na kwamba kweli huiathiri ngozi. Maneno yote mawili, la daktari na la muuzaji, yana sukari ndani yake. Akipunguza tembe zake kwa kuitegemea krimu, hasara haitakuwa ya fedha peke yake.

Ni kwa sababu hii mfasiri anapaswa kuliepuka neno sukari likiwa peke yake katika maelezo ya kipodozi. Aseme "sukari inayonata kwenye nyuzi za ngozi", na aongeze waziwazi kwamba kipodozi hakitibu kisukari. Sentensi itarefuka, na tangazo litapungua mvuto. Hiyo ndiyo gharama ya ukweli, na ni ndogo.

6.0 Mafunzo kwa darasa la Kiswahili

Wako wanaoshikilia kwamba mambo haya si ya idara za Kiswahili, na kwamba mwanafunzi wa fasihi hana haja na kolajeni. Mtazamo huu una udhaifu. Uhakiki wa fasihi humfunza mwanafunzi kuuliza ni nani anayesema, anasema kwa nani, na ameacha nini. Lebo ya krimu ni matini fupi yenye msimulizi aliyejificha, hadhira iliyokusudiwa na ukimya mwingi. Aliyezoea kuusoma ukimya wa mhusika katika riwaya anao ujuzi wa kuusoma ukimya wa tangazo. Hali kadhalika, mada ya mnyambuliko wa vitenzi, ambayo hufundishwa mara nyingi kwa orodha za pika, pikia, pikisha na pikika, hupata uhai mwanafunzi anapoona kwamba tofauti baina ya kutendesha na kutendeka ni tofauti baina ya michakato miwili ya uhai.

Kenya inakataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi, na Mkataba wa Minamata wa mwaka wa 2013 uliweka kikomo kwa vipodozi vyenye zebaki, zikiwemo krimu za kung'arisha ngozi. Katazo humlinda mnunuzi dhidi ya sumu. Halimlindi dhidi ya krimu isiyo na sumu wala faida, ambayo imeuzwa kwa kitenzi kilichotiwa chumvi. Kinga ya namna hiyo hutoka katika lugha iliyo wazi na wasomaji waliofunzwa kuidai.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza dhana ya usukarikaji kwa usahihi, na mahali pengine kwa usahihi unaoushinda ule wa lugha ilikotoka. Yameonyesha pia kwamba kanosini ni kiambato chenye wazo la kisayansi nyuma yake, lakini chenye ushahidi mchache mbele yake pale kinapopakwa usoni. Baina ya wazo na ushahidi kuna pengo, na pengo hilo huzibwa na vitenzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili ni kutambua, katika kila sentensi, ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotembezwa kwa lugha anayoipenda.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha istilahi usukarikaji na glaikesheni ukitumia vigezo vya uangavu na uzalishi. Je, dosari ya kwanza iliyotajwa katika sehemu ya 3.2 inatosha kuikataa istilahi usukarikaji?

2. Tunga sentensi moja ya kumweleza mnunuzi mwenye kisukari kazi ya krimu yenye kanosini, bila kutumia neno dawa na bila kuliacha neno sukari peke yake.

3. Chagua lebo yoyote ya kipodozi iliyo karibu nawe. Bainisha vitenzi vyake, kisha ueleze ni vipi kati yake vinavyohitaji ushahidi na ni vipi visivyouhitaji.